Olkaria Yapimana Nguvu na Jua

Kila shindano huhitaji bingwa wa nyumbani, na wetu leo ni Olkaria, kituo cha umeme wa jotoardhi. Ingia mbuga ya Hell's Gate ukitokea Naivasha, upite mwamba uliosimama wima wa Fischer, kisha ufuate harufu ya yai viza. Utayaona mabomba ya rangi ya fedha yakipanda na kushuka vilimani, mahali pengine yameinuliwa juu ili wanyama wapite chini yake. Visima vya hapa hushuka hadi kilomita 3. Panga majengo 28 kama lile refu la KICC, Nairobi, moja juu ya jingine, yapindue yote yaingie ardhini, na utakuwa umefika kwenye kitako cha kisima. Huko chini joto hupita nyuzi 300 za Selsiasi. Mtambo wa Olkaria I ulianza na megawati 15 mwaka 1981. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, nyingi zikitoka hapa hapa. (Wakongo watanikumbusha Kiabukwa, kule Katanga, palipozalishwa umeme wa maji moto ya ardhini tangu 1952. Heshima yao. Lakini ule ulikuwa mtambo wa megawati 0.2.)

Mpinzani huchomoza mashariki kila asubuhi. Tukimkabili mzima mzima tutaaibika, kwa hiyo tumpime kwa vazi lake la nje tu: korona, yaani tabaka la gesi nyembamba linalolizunguka Jua, na zile ndimi za moto zinazoinuka ukingoni mwake na kuning'inia humo. Mwamuzi ni mmoja, spektroskopia ya miale ya urujuanimno. Kila elementi ikipashwa joto hutoa mistari yake ya mwanga, na mistari hubadilika kadiri joto linavyopanda: chuma cha nyuzi milioni moja hakiandiki mistari ile ile ya chuma cha nyuzi laki moja. Anayeisoma huambiwa ni elementi gani, ina joto kiasi gani, na mstari ukisogea kidogo, gesi inakimbilia upande gani na kwa kasi gani. Hakuna kipimajoto cha kawaida kinachofika huko.

Filimbi ilie.

1. Joto la kuvunja rekodi

Uso wa Jua una nyuzi zipatazo 5,500. Hiyo ni mara 18 ya kisima cha Olkaria, na hapo mashindano hayajaanza. Kwetu kanuni ni moja na kila mchimbaji anaijua: ukizidi kwenda chini, joto linazidi. Jua limeipindua kanuni hiyo. Ukitoka usoni mwake ukapanda kilomita elfu chache, ukawa unauacha moto nyuma, joto linaruka na kupita nyuzi milioni moja. Ni mara 3,000 na zaidi ya kisima chetu kirefu. Miripuko mikubwa ikitokea, gesi ya korona hupanda hadi milioni 10 na kuendelea.

Lakini medali ya dhahabu inakwenda kwa oksijeni. Chombo cha UVCS, kilichopanda na setilaiti ya SOHO tarehe 2 Desemba 1995, kilisoma mistari ya urujuanimno ya oksijeni iliyonyang'anywa elektroni tano, juu ya ncha za Jua. Mistari ilikuwa mipana kupita matarajio ya kila mtu, na upana wa mstari ndio unaoonyesha mtikisiko wa chembe. Hesabu ikatoa zaidi ya nyuzi milioni 100. Kitovu cha Jua chenyewe, jiko linalopika kila kitu, kina milioni 15 hivi! Chembe za oksijeni zilizo nje ya nyumba zina joto mara sita ya jiko lililo ndani. Haidrojeni iliyo papo hapo haikufika popote karibu na hapo, jambo linaloonyesha kwamba kuna kitu kinachozichagua chembe nzito na kuzisukasuka zaidi. Mawimbi ya sumaku ndiyo mshukiwa mkuu.

2. Wembamba usio na mfano

Chukua hewa ya Mombasa iliyojaa kibiriti kimoja. Itandaze juu ya uwanja mzima wa mpira, uiinue mpaka ikaribie kimo cha KICC. Umepata korona ya chini, iliyo karibu na uso wa Jua. Na ukipanda zaidi, hata hiyo utaiona nzito.

Ndiyo sababu chombo cha Parker, kilichorushwa 12 Agosti 2018, kiliweza kuingia ndani ya korona tarehe 28 Aprili 2021 na kutoka kizima. Ngao yake ya kaboni ina unene wa sentimita 11 na ushei, shubiri haifiki. Upande unaolitazama Jua hupashwa hadi nyuzi karibu 1,400. Upande wa vyombo hubaki na joto la sebuleni. Ajabu hiyo kila mpishi anaifahamu: mkono unaingia ndani ya tanuri la mkate lenye nyuzi 200 na kutoka salama, ilhali maji ya nyuzi 100 yataubabua mara moja. Korona ina joto la kutisha, lakini chembe za kulibeba ni chache mno. Kwa hiyo hapa Olkaria inapata bao lake la kwanza. Kiache chombo cha Parker ndani ya korona, kitaendelea na kazi. Mkono wa binadamu mbele ya kisima kilichofunguliwa hauna bahati hiyo.

3. Ulimi mrefu kuliko yote

Katikati ya gesi hiyo ya nyuzi milioni huning'inia ndimi za Jua, nazo, kwa kipimo cha jirani zake, ni barafu: nyuzi elfu 8 hivi, pungufu mara mia na zaidi ya korona inayozizunguka, na gesi yake ni nzito zaidi kwa kiasi kama hicho. Kisichoziacha zianguke ni sumaku. Tulivu miongoni mwao hudumu majuma, nyingine miezi. Mkulima wa Njoro anaweza kupanda maharagwe na kuyavuna ulimi ule ule ukiwa bado umening'inia.

Kisha siku moja sumaku inafyatuka.

Tarehe 4 Juni 1946, darubini ya Climax, Colorado, ilipiga picha ulimi ulioinuka kwa kishindo hadi wanasayansi wakaubandika jina la Babu Mkuu. Rekodi za urujuanimno zikafuata kutoka angani. Tarehe 19 Desemba 1973 wanaanga wa kituo cha Skylab waliupiga picha, katika mwanga wa heliamu wa nanomita 30.4, ulimi uliotanda zaidi ya kilomita 588,000. Bonde letu la Ufa, kutoka Lebanoni hadi Msumbiji, lina kilomita kama 6,000. Yaunge mabonde 98 kichwa kwa mkia na bado ulimi huo utabakiwa na nafasi kidogo.

Na hata huo ukaja kuonekana mfupi. Tarehe 15 Februari 2022 chombo cha Solar Orbiter, katika miale ile ile, kilinasa ulimi ukifyatuka hadi kilomita milioni 3.5 kutoka Jua, mkubwa kuliko yote iliyowahi kunaswa katika picha moja pamoja na duara zima la Jua. Umbali wa kutoka hapa hadi Mwezini, mara tisa. Katika mchezo huu Bonde la Ufa halina cha kujitetea.

4. Kitendawili cha miaka 74

Tarehe 7 Agosti 1869, Jua lilipopatwa kule Marekani, Charles Young na William Harkness waliona katika korona mstari wa kijani usiofanana na wa elementi yoyote duniani. Wataalamu wakaamua ni elementi mpya, wakaiita koronio. Ikatafutwa kwenye mawe, kwenye gesi, kwenye volkeno. Haikupatikana, kwa sababu haikuwapo.

Mwaka 1939 Mjerumani Walter Grotrian alipata fununu, na mwaka 1943 Msweden Bengt Edlén akafunga hesabu. Mstari huo ni wa chuma. Ni chuma hiki hiki cha mabomba ya Olkaria, isipokuwa kimenyang'anywa elektroni 13 kati ya 26 zake, nusu kamili. Kwa nini hakuna aliyefikiria hivyo? Kukivua chuma namna hiyo kunahitaji zaidi ya nyuzi milioni moja, na hakuna aliyekuwa tayari kuamini kwamba nje ya Jua kuna joto zaidi kuliko usoni. Ushahidi ulikuwa mezani tangu siku za babu zao.

5. Gesi iliyoanzia mbali

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote, na Afrika Mashariki ina hisa ndani yake. Tarehe 18 Agosti 1868 kivuli cha Mwezi kilipita Aden kikavuka hadi India, ambako Mfaransa Jules Janssen alizielekezea ndimi za Jua spektroskopu. Alizisoma vizuri hata kesho yake akaziona tena mchana kweupe, bila kupatwa. Oktoba mwaka huo huo Mwingereza Norman Lockyer naye akafanya hivyo akiwa kwao. Ndani ya ndimi hizo kulikuwa na mstari wa manjano usio na mwenyewe. Lockyer akatangaza elementi mpya, akaipa jina litokanalo na Jua: heliamu. Alichekwa. Miaka 27 baadaye, mwaka 1895, William Ramsay aliipata ikitoka kwenye jiwe lenye urani. Ni elementi iliyogunduliwa umbali wa kilomita milioni 150 kabla ya kuokotwa nyumbani.

Sasa ruka hadi 2016. Watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One wanatangaza kwamba chini ya bonde la Rukwa, Tanzania, kuna heliamu inayokadiriwa kufika futi za ujazo bilioni 54. Miamba ya kale iliitoa kidogo kidogo, na joto la volkeno za Bonde la Ufa likaifungulia njia ya kupanda. Ukiimimina yote juu ya uwanja mmoja wa mpira, nguzo yake itapanda zaidi ya kilomita 200, yaani mara mbili ya mpaka wa anga za juu. Ufa ule ule unaoipa Olkaria mvuke ndio unaoipa Rukwa gesi ya Jua.

6. Giza refu kuliko yote

Kwa muda mrefu korona ilionekana kwa dakika chache tu, Mwezi unapolifunika Jua. Kwa hiyo dakika zilikuwa dhahabu, na dhahabu nyingi kuliko zote katika sehemu iliyobaki ya karne ya ishirini ilipita Afrika tarehe 30 Juni 1973: giza la dakika 7 na sekunde 4 kule lilikokolea, katika Sahara.

Ndege ya Concorde 001, rubani André Turcat, iliruka kutoka visiwa vya Kanari ikalifukuza giza hilo kwa mwendo unaozidi mara mbili ya sauti, kimo cha kilomita 17 hivi, hadi Chad. Waliokuwa ndani walikaa kivulini dakika 74. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards ingekuwa imeingia kipindi cha pili, na bado Jua halijarudi! Hakuna binadamu aliyewahi kuliona giza la Jua kwa muda mrefu namna hiyo, na rekodi hiyo haijaguswa.

Kwetu kivuli kilifika Ziwa Turkana. Loiyangalani, kijiji cha upepo na mawe meusi, kiligeuka kuwa maabara: wanasayansi wa Kituo cha High Altitude Observatory cha Marekani walileta kamera zao pale wakaipiga picha korona kwa zaidi ya dakika nne za giza. Tarehe 16 Februari 1980 kivuli kingine kilikatiza Tanzania na kusini mwa Kenya. Tarehe 3 Novemba 2013 kikaja cha Uganda na Turkana, kifupi ajabu, kisichotimiza nusu dakika.

Kwa ukongwe, kombe ni la Waganda. Biharwe, karibu na Mbarara, pana mnara wa kukumbuka kupatwa kwa Jua kulikotokea mwaka 1520. Masimulizi yanasema Mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe wa kuteka, Jua likazimika mchana, naye na askari wake wakatimua mbio wakiacha ng'ombe nyuma. Korona ilikuwa juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuipima.

7. Mwamuzi aliyepanda kutoka Ngomeni

Miale ya urujuanimno inayobeba habari za korona haifiki ardhini. Hewa huimeza yote. Hata Loiyangalani penye anga safi haisomeki. Ndiyo maana tarehe 10 Oktoba 1946 kundi la Richard Tousey lilifunga spektrografu kwenye roketi ya V-2 iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani na kuirusha kutoka jangwa la New Mexico. Ilipiga picha za spektra hadi kimo cha kilomita 88. Kwa barabara, hiyo ni Nairobi hadi Naivasha. Kwa roketi, ni safari ya kwanza ya binadamu kuisoma urujuanimno ya Jua ambayo hakuna mlima unaoifikia.

Na sisi je? Nenda Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utazame baharini katika Ghuba ya Ungwana. Yale majukwaa yenye miguu ya chuma ni San Marco, mradi wa Waitalia. Kati ya 1967 na 1988 yalirusha setilaiti 9. Maarufu kuliko zote ilipaa 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, ikabatizwa Uhuru: setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi moja tu ya kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Iliorodhesha 339.

Watu wengi huishia kwa Uhuru. Mimi nampigia kura yule wa mwisho. Tarehe 25 Machi 1988 roketi ya Scout ilibeba kutoka hapo setilaiti ya San Marco D/L, na ndani yake chombo cha Wajerumani kiitwacho ASSI, spektromita iliyopima miale ya Jua na mng'ao wa hewa ya juu kuanzia nanomita 20 hadi 700. Mwanzo wa safu hiyo ndio uwanja wa korona: chuma cha nyuzi milioni, na heliamu ya nanomita 30.4 iliyochora ulimi wa Skylab. Setilaiti iliruka chini kwa makusudi, kwenye kingo za hewa, na Desemba mwaka huo huo hewa ikaivuta ikaungua. Ndiyo iliyofunga ukurasa: baada yake hakuna setilaiti nyingine iliyorushwa kutoka majukwaa yale. Nchi ngapi za Afrika zinaweza kusema spektromita ya urujuanimno ya Jua iliondokea kwenye maji yake?

8. Mbio

Agosti 1972 wingu la gesi lililotupwa na Jua lilifika duniani kwa saa 14.6. Hakuna lililowahi kulipiku. Basi la usiku la Nairobi kwenda Dar es Salaam kupitia Namanga hutumia muda kama huo. Tofauti ni kwamba wingu lilikata kilomita milioni 150, bila kusimamishwa mpakani.

Tarehe 23 Julai 2012 likatoka jingine lililokaribia kilomita 3,000 kwa sekunde: Nairobi hadi Mombasa mara sita kabla hujamaliza kupiga chafya. Lilielekea upande mwingine, tukapona.

Kwa vyombo vya binadamu, bingwa ni Parker tena. Tarehe 24 Desemba 2024 ilipita kilomita milioni 6.1 kutoka usoni mwa Jua kwa kasi ya kilomita 692,000 kwa saa. Treni ya Madaraka Express hukimbia 120. Parker ingetoka Nairobi hadi Naivasha kwa nusu sekunde.

9. Kidogo kuliko vyote

Setilaiti ya IRIS, iliyorushwa Juni 2013 kusoma urujuanimno ya tabaka lililo chini ya korona, hutofautisha vitu vya kilomita 240. Kwenye nyota, hicho ndicho kitu kidogo: karibu mwendo wa Naivasha hadi Kisumu. Solar Orbiter nayo, mwaka 2020, ilionyesha vimiripuko vya kilomita mia kadhaa vilivyozagaa kila mahali, wakaviita mioto ya kambi. Kuna wanaoamini hivyo ndivyo vinavyoipasha korona hadi nyuzi milioni. Ubishi unaendelea.

Matokeo, basi. Kwa joto, urefu na kasi, Jua limeshinda bila jasho. Kwa joto linaloweza kuwasha balbu jikoni kwako usiku, Jua likiwa limelala, Olkaria haina mpinzani.

Mechi ya marudiano ni tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli kitapita karibu na Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika sita za giza, kitafunika Jeddah na Makka, kivuke Yemeni na kugusa ncha ya Somalia. Kenya tutaona Jua likimegwa tu, na Jua lililomegwa linapofua macho bila maumivu. Weka mbali filamu ya eksirei, miwani ya jua ya kawaida na lile beseni la maji. Tafuta mapema miwani halisi ya kutazamia kupatwa kwa Jua, yenye alama ya ISO 12312-2, na ukipata nauli ya Jeddah, usiulize mara mbili.